Bwana Safi na Pipa la Masizi

Hebu mtazame akiingia. King'ora cha kiwanda kimeshalia, wenzake wameshavaa magwanda yao ya buluu yaliyofubaa, na yeye ndio kwanza anavuka kizingiti cha jumba la tao, hatua kwa hatua, kama bwana harusi anayejua kamera iko upande gani. Koti lake ni jeupe. Limepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono unaweza kukata mkate. Anatoa kitambaa mfukoni, anafuta kiti, kisha anakikagua kitambaa. Akikuta doa, anamtazama aliye karibu naye kana kwamba doa limetoka kwake.

Huyo ndiye Bwana Safi. Jina alipewa kwa kejeli, akalipokea kama nishani, na mpaka leo ukimwita hivyo anaitika kwa furaha.

Nitakusimulia habari zake taratibu, maana wewe ni msikilizaji mzuri na sina sababu ya kukukimbiza. Ila kwanza uijue kazi yenyewe, usije ukadhani namsingizia.

Kiwanda chao kilitengeneza asetilini, ile gesi ambayo fundi wa kuchomelea anaifungulia kutoka kwenye mtungi, anaiwasha, na chuma kinalainika mbele yake kama samli. Kuna wanaoipata kwa kumwagia maji mawe ya kabidi. Hawa walikuwa na njia nyingine. Walikuwa na bomba la chuma lililosimama wima juu ya miguu minne, na ndani yake, kwa juu, fimbo nene ya kaboni, na chini ya fimbo mdomo wa shaba. Umeme uliruka kutoka kwenye fimbo kwenda mdomoni ukabaki pale hewani, mweupe, ukinguruma. Hilo ndilo tao. Gesi ya kutoka visima vya mafuta ilipulizwa humo ikizunguka kama maji yanayoishia kwenye tundu la karo, ikapita katika moto ambao wasomi wanauita plazma na wanasema ni mkali kuliko uso wa jua. Humo hakuna kinachobaki kizima. Gesi inavunjika, kaboni huku, hidrojeni kule, na vile vipande vikianza kushikana upya, asetilini inazaliwa.

Sasa sikiliza hapa, ndipo penye kazi. Asetilini ikizaliwa mle ndani, inataka itolewe motoni upesi kuliko kufumba jicho. Ikichelewa inavunjika tena, na safari hii inakuwa masizi tu. Ndiyo maana chini ya tao kulikuwa na vitundu vya maji vilivyoipiga gesi manyunyu ya baridi ghafla, igande katika hali yake ile ile. Mwendeshaji aliyeisukuma gesi kwa nguvu, ikapita tao mbio na kukutana na maji kwa wakati, alijaza mitungi. Aliyeiacha ikazubaa motoni alijaza bomba masizi.

Na jumba lile lilikuwa na desturi yake. Aliyeendesha tao ndiye anayekwangua. Zamu yako ikikaribia kwisha unazima, unangoja bomba lipoe, unafungua mlango wa chini, unaingiza fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda, wenyewe wakiiita jino, na unayashusha masizi yako kwenye pipa lako. Kisha pipa unaliweka mlangoni, watu wapite walione. Hakuna aliyesema neno. Pipa jepesi, mtu anajua kazi. Pipa zito, mtu anapita akikohoa kidogo, na kikohozi kile kilikuwa kibaya kuliko tusi.

Pipa la Bwana Safi lilikuwa jepesi kuliko yote. Unaweza kulibeba kwa kidole.

Najua unachowaza. Unawaza kwamba basi jamaa alikuwa hodari. Ngoja.

Bwana Safi aliliogopa tao. Lilipopata gesi ya kutosha lilinguruma mpaka meno yakacheza kinywani, na yeye ngurumo ile ilimtoa jasho, na jasho linachafua kola. Kwa hiyo alikuwa akibana vali ya gesi pole pole mpaka tao likaanza kukoroma kwa upole, naye akakaa kwenye kiti chake kilichofutwa, mguu juu ya mguu. Gesi ikawa inapita mle ndani kama mtu aliyetoka kutembea jioni. Unajua tayari ilichogeuka. Katika jumba zima hakuna aliyetengeneza masizi kama yeye, na hakuna aliyeonyesha machache kama yeye.

Ujanja wake ulikuwa mdogo, wa kitoto. Alishika zamu ya mchana, na baada yake tao lililala mpaka asubuhi. Yeye hakuzima mapema. Alizima dakika ile ile king'ora kinapolia, akaligusa bomba kwa mgongo wa kidole, akaruka nyuma, na kutangaza: "Bado lina moto. Atakayekuja atafungua." Kisha akaenda zake.

Aliyekuja asubuhi alikuwa kaka wa mkewe. Bwana Safi alimwita "shemeji" mara nyingi na kwa sauti kubwa hivi kwamba jumba zima nalo likamwita Shemeji, hata wasiokuwa na dada yake. Shemeji alifika, akafungua bomba lililopoa usiku kucha, akakuta masizi ya mume wa dada yake yameganda kama utando wa ukoko, na akayakwangua, kwa sababu bila kukwangua tao haliwaki vizuri. Na masizi aliyoyakwangua yakaingia katika pipa lake, kwa sababu desturi haikuuliza ni ya nani. Ilimtazama aliyeshika jino.

Kwa muda mrefu Shemeji alilalamika kidogo tu, kama mtu anayekuna mahali pasipowasha sana.

"Shemeji, jana tena umeniachia bomba."

"Lilikuwa na moto, shemeji. Nikiungua mimi, dada yako atakula kilio."

"Si ungezima mapema kidogo?"

"Nizime mapema, kiwanda kikose gesi?" Bwana Safi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ndiyo maana hamwendelei nyinyi."

Mjaza mitungi, jamaa mmoja mwenye mdomo mchafu na roho nzuri, alikuwa akipita na kitoroli chake. "Bwana Safi," akasema, "hilo koti ukilivua linasimama lenyewe au unaliegemeza?"

"Wivu," Bwana Safi akajibu, akafuta kitufe.

Na nikuambie jambo la aibu zaidi: kazi ile alitafutiwa na huyo huyo Shemeji. Hapo kabla alikuwa katika karakana ya kuchomelea, na kazi yake ilikuwa kuwashikia wenzake kioo cha kujikinga macho. Alikishika vizuri, siwezi kumnyima hilo. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa kina binti aliyekuja kuwa mkewe, vijana wengine waliokuja walikuwa na kucha nyeusi, yeye alikuwa na kucha kama za mtoto mchanga. Binti akaona huyu ndiye. Kaka yake akamshika mkono akampeleka kiwandani, akamfundisha vali ipi ni ipi. Fadhila zote hizo Bwana Safi alizilipa kwa masizi.

Walikaa ua mmoja. Bwana Safi na mkewe vyumba vya mbele, Shemeji, ambaye mkewe alikuwa amefariki, chumba cha nyuma karibu na bomba la maji. Mke wa Bwana Safi aliwafulia wote wawili. Beseni la kaka yake lilitoa maji meusi ti, ukiyamwaga yanaacha alama kwenye sementi. Beseni la mumewe lilitoa maji ambayo ungeweza kuyapigia deki. Na yule mama alijivunia. Aliwaambia majirani, huku akianika, "Kaka yangu anafanya kazi kwa mikono. Baba watoto anafanya kwa akili."

Shemeji aliyasikia hayo kupitia dirishani. Akafunga dirisha.

Sasa ikaja siku kiwanda kilipopata mtambo mpya wa kusukuma gesi. Mhandisi wa jumba, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, aliwakusanya.

"Mtambo huu mtu mmoja anaumudu kutwa," akasema. "Kwa hiyo mwezi ujao tao litabaki na mwendeshaji mmoja. Mwingine atakwenda uani, kwenye mitungi."

Watu wote wakamtazama Shemeji bila kutaka. Walijua mgongo wake. Miaka ya nyuma aliteleza kwenye ngazi ya bomba, na tangu hapo aliweza kusimama, aliweza kuendesha, aliweza kukwangua masizi ya mtu mmoja. Kuviringisha na kunyanyua mitungi ya chuma uani kungemlaza, na safari hii asingeamka. Yeye mwenyewe alijua. Alishika ukingo wa meza.

"Utamchagua vipi, Mama?" mjaza mitungi akauliza.

"Kwa mapipa," Mhandisi akasema. "Napita hapa kila saa sita mchana, nayaona."

Ndiyo, aliyaona. Saa sita mchana mlangoni kulikuwa na pipa la Shemeji, limebeba masizi ya watu wawili, na pipa la Bwana Safi, limebeba vumbi.

Jioni ile mke wa Bwana Safi alimfuata kaka yake chumbani na kikombe cha chai.

"Kaka, nimesikia. Basi jitahidi pipa lako liwe jepesi."

Shemeji akakipokea kikombe. "Unanifulia nguo, mdogo wangu."

"Ndiyo."

"Na zake unafua wewe."

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi. Chai yako nzuri."

Unaona? Alikuwa na maneno mdomoni, akayamezea chai. Wengine watakuambia huo ni uungwana. Mimi sina hakika, na tutalirudia.

Bwana Safi, alipojua kwamba mambo yataamuliwa kwa mapipa, alizidi. Alibana vali mpaka tao likawa linanong'ona. Aliacha bomba limejaa kama koo la mgonjwa. Na asubuhi moja Shemeji alipolifungua, akaingiza jino na kuvuta, masizi hayakushuka. Akavuta tena kwa nguvu, akijisukuma kwa mguu, na kitu kikakatika kiunoni. Mjaza mitungi alimkuta amekaa chini ameegemea mguu wa bomba, jino bado mkononi, uso umepauka.

Walimpeleka nyumbani kwenye kitoroli cha mitungi.

Bwana Safi alikutana nao getini. Alisogea pembeni ili kitoroli kisimguse. "Nilisema mimi," akawaambia waliokuwepo. "Mwenye masizi mengi hafiki mbali."

Basi akabaki peke yake na tao, asubuhi hadi jioni, furaha tele. Asubuhi hakukuta bomba limekwanguliwa, maana mkwanguaji alikuwa amelala kitandani na tambara la moto kiunoni. Wala hakukwangua. Hakujua kukwangua, huo ndio ukweli. Siku aliyofundishwa aliangalia viatu vyake. Aliwasha tao juu ya masizi, akazima juu ya masizi, na kila saa sita mchana akaweka mlangoni pipa tupu na kusimama kando yake.

"Mnaona?" aliwaambia wapita njia. "Tangu yule aondoke, hakuna masizi. Alikuwa anayatengeneza yeye."

Nyumbani mkewe alikuwa akimkanda kaka yake mgongo mlango ukiwa wazi. Bwana Safi akapita na koti lake linang'aa.

"Baba watoto," mkewe akamwita. "Sasa kaka hayupo, nani anakwangua?"

"Halihitaji. Nikiendesha mimi linajikwangua."

Mkewe akabaki na mafuta mkononi. Kaka yake alikuwa amelala kifudifudi, huwezi kuona uso wake, ila mabega yalitikisika. Huenda ni maumivu. Huenda alicheka.

"Kaka," akasema yule mama pole pole, "maji yale meusi ninayomwaga. Ni masizi ya nani?"

"Kanda hapo kushoto," Shemeji akasema.

Mhandisi, kwa upande wake, mwanzoni alifurahia lile pipa tupu. Lakini mjaza mitungi alikuwa akikaa uani bila kazi, anatupa vijiwe kwenye kopo, na siku moja alikwenda kumwambia.

"Mama, mitungi haijai."

"Masizi hakuna, halafu gesi nayo hakuna?"

"Hakuna."

Mhandisi akaweka kalamu chini. "Gesi inaingia bombani asubuhi mpaka jioni. Haitoki kama asetilini, haitoki kama masizi. Imekwenda wapi, imekwenda kuoga?"

Siku ile ile, kabla hajafika jumbani, tao lilijibu. Masizi yalikuwa yamenenepa kutoka ukutani mpaka yakakaribia fimbo ya kaboni, na masizi ni kaboni, yanapitisha umeme. Tao likaacha njia yake, likarukia masizi, likapiga kelele ya chuma kinachochanika, likazimika. Bwana Safi alikuwa nje ya mlango kabla mwangwi haujaisha. Kiti kilianguka nyuma yake. Kitambaa alikiacha.

Mhandisi akaagiza Shemeji aitwe, kama anaweza kutembea. Akaja kwa mkongojo, dada yake amemshika kwapa. Wafanyakazi wakajipanga ukutani. Bomba lilikuwa limeshapoa, na safari hii hakuna aliyesema lina moto.

"Bwana Safi," Mhandisi akasema. "Fungua, ukwangue."

"Mimi, Mama?"

"Tao lilikuwa la nani?"

Alilichukua jino. Akalitazama upande mmoja, akaligeuza, akatazama upande wa pili. Mjaza mitungi akaguna. Sasa, wote waliowahi kukwangua bomba lile wanajua kwamba mtu husimama ubavuni, hugeuza uso, na huvuta kwa ncha iliyopinda, masizi yakamwagike ndani ya pipa. Hilo halikuwa elimu, lilikuwa kama kujua kushika kijiko. Bwana Safi alikwenda akasimama chini ya bomba kabisa, akalisogeza pipa kwa mguu kwa sababu lilimzuia, akafungua mlango wa chini, akainua uso kuchungulia, na akasukuma.

"Toka chini, shemeji," Shemeji akasema. "Vuta. Usisukume."

Lilikuwa neno la haki, ila limechelewa. Akiba yake yote, siku zote zile za kukaa mguu juu ya mguu, ilimshukia kwa pamoja, bila kelele, laini kama unga. Vumbi lilipotulia palikuwa na kitu cheusi kimesimama, kikiwa na macho mawili na jino mkononi. Na watu hawakucheka, nisikudanganye. Walikohoa kidogo, mmoja baada ya mwingine.

Mkewe aliyaona yote. Alilitazama lile rundo sakafuni, kisha akautazama mkono wa kaka yake juu ya mkongojo, na weusi ulioganda kwenye mistari ya viganja ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa.

Mhandisi hakuhutubia. "Wewe utashika tao," akamwambia Shemeji. "Kaa kwenye kiti, uendeshe. Na huyu hataenda uani, atanivunjia mitungi. Huyu atakuwa anakukwangulia. Kila siku."

"Mbele ya watu?" kile kitu cheusi kikauliza.

"Pipa litakaa mlangoni kama kawaida."

Ungetarajia kwamba baada ya hapo mtu atanyamaza. Njiani kuelekea nyumbani Bwana Safi alikutana na jirani aliyeshangaa kumwona vile, naye akajisimamisha wima. "Kazi hizi," akasema. "Bomba lilitaka kulipuka, nikaliingia mwenyewe." Jirani akampa pole. Akaipokea ile pole, akaitia mfukoni, akaendelea na safari.

Alipofika uani alivua koti na kulitupa kwenye jiwe la kufulia, mbele ya mkewe.

"Koti hilo linangoja," akasema.

"Linangoja nini?"

"Lifuliwe. Kesho nalihitaji."

Mkewe alikuwa akifua gwanda la kaka yake. Alilikamua, akalianika, akalinyoosha mikono kwa utulivu. Kisha akaosha beseni, akaligeuza juu chini, akaingia ndani.

Shemeji alikuwa amekaa mlangoni kwake. Dada yake alipompita alimuuliza, bila kumtazama, "Mbona hukuniambia, kaka?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ungeniambia, ningejua."

"Ulikuwa unayaona maji, mdogo wangu."

Ni kweli, yule mama alikuwa akiyaona. Na kaka naye, kila asubuhi alipolichukua lile jino, alikuwa akimwongezea shemeji yake urefu kidogo, mpaka jamaa akawa mtu mkubwa, hana hata doa.

Koti liko pale juu ya jiwe hadi leo ninapokusimulia. Limekauka, limekuwa gumu, na sasa kweli linaweza kusimama lenyewe. Mwenye koti anakwenda kazini na gwanda la kuazima, anakwangua, anarudi, analipita na kumnung'unikia mkewe. Mke analipita akienda kuchota maji. Shemeji analipita na mkongojo wake. Na wewe ambaye umekaa nami muda wote huu na umewaona wote watatu, hebu nisaidie: ni nani kati yao anayepaswa kulifua?